Land Rover ya 1966: kuirudisha sehemu ya injini ilivyotoka kiwandani

Swali limetoka kwa mwalimu wa Tukuyu: "Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia Land Rover ya mwaka 1966, ile ndefu ya inchi 109, injini ya petroli. Aliinunua kwenye shamba la chai. Inawaka na inatembea, lakini ukifungua boneti unakuta grisi, kutu na rangi za kila aina: kijani, buluu, na silva iliyopakwa kwa brashi. Fundi wa hapa anashauri tuoshe, tupige nyeusi kote, halafu injini tuipige silva ing'ae. Mimi nataka iwe kama ilivyotoka kiwandani. Nianzie wapi, na rangi zenyewe ni zipi?"

Marahaba, mwalimu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Umefanya vema kuuliza kabla gari halijaoshwa, maana jibu la swali lako la pili bado limelala humo humo ndani ya grisi. Likishapigwa maji ya presha pale barabarani, sehemu kubwa ya ushahidi itakwenda mtaroni. Kwa hiyo usioshe chochote kwa sasa. Tafuta tochi yenye mwanga mweupe, simu ya kupigia picha, kipande cha plastiki kigumu cha kukwangulia, matambara na mafuta ya taa kidogo.

Watu wengi wakisikia "kama ilivyotoka kiwandani" wanawaza kung'aa. Land Rover ya miaka ile haikung'aa chini ya boneti. Kule Solihull, Uingereza, ilitengenezwa kwa ajili ya mashamba, majeshi na serikali, na kila kipande kilipewa kinga kinayoihitaji, basi. Rangi ya bodi ilipita hadi upande wa ndani wa boneti na kwenye ule ukuta unaotenganisha injini na dereva. Chesisi ilikuwa nyeusi. Injini ilikuwa na rangi yake. Dainamo na stata vilikuwa vyeusi. Kabureta na nyumba ya themostati viliachwa metali tupu bila rangi, na manifoldi ya eksozi, yaani bomba linalopokea moshi kutoka kwenye injini, ikaachwa chuma tupu ambacho hugeuka kahawia mara tu gari linapoanza kazi. Uzuri wa sehemu ile uko kwenye tofauti za nyuso hizo zikikaa pamoja. Ukipiga nyeusi kote na silva juu yake, umezifuta zote kwa siku moja, na kuzirudisha ni kazi ya miezi.

Sasa tusome gari. Kwenye Land Rover iliyofanya kazi mashambani, utakuta tabaka baada ya tabaka, kwa sababu mashamba yalikuwa yakipaka upya magari yake kila yanapofanyiwa oveholi kubwa. Rangi ya kwanza hubaki mahali ambapo brashi haikufika: nyuma ya kibati cha namba za gari, chini ya kitako cha betri, pale ukingo wa bawa la mbele, yaani madigadi, unapolalia ukuta wa injini, chini ya klipu za waya, na chini ya kitasa cha boneti. Fungua kipande kimoja kimoja, futa kwa tambara lenye mafuta ya taa, piga picha kabla mwanga wa jua haujawa mkali.

Ukishapata mahali panapoonekana kuwa na tabaka nyingi, chukua msasa wa maji namba 600, lowesha, sugua duara dogo lenye upana wa sarafu. Usibonyeze sana. Malizia kwa namba 1000. Tabaka zitajitokeza kama pete za gogo lililokatwa msitu wa Sao Hill: katikati bati lenyewe, kisha praima, kisha rangi ya kwanza, halafu zile za baadaye kuelekea nje. Inayofuata mara baada ya praima ya kwanza ndiyo unayoitafuta. Ukiona praima, rangi, halafu praima nyingine, ujue ile ya pili ni kazi ya gereji. Sugua na maji kila mara, kamwe usisugue pakavu. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake si la kuvuta, hasa kama kuna watoto nyumbani.

Rangi za bodi zilizotumika sana wakati ule zilikuwa kijani cheusicheusi kiitwacho Bronze Green, buluu iitwayo Marine Blue, na kijivu cha Mid Grey, na paa mara nyingi likiwa na rangi ya maziwa yaliyochachuka iitwayo Limestone. Kwa hiyo kijani unachokiona kwenye ukuta kinaweza kuwa cha asili. Na hiyo buluu, angalia vizuri iko wapi. Kama iko kwenye bloku la injini, chini ya grisi, na ni buluu iliyofifia inayoelekea kijani, usiikwangue hata kidogo, kwa sababu rangi ya namna hiyo ndiyo ninayoikuta kwenye injini nyingi za petroli za IIA (toleo la Land Rover la wakati ule) ambazo hazijawahi kuguswa. Lakini usichukue neno langu likawa sheria. Injini zilibadilishwa, nyingine zilirudi kutoka kwenye karakana zilizozifanyia oveholi zikiwa na rangi ya karakana hiyo. Tazama nyuma ya kitako cha dainamo na chini ya mabano ya kushikilia injini. Hapo ndipo bloku lako litakuambia ukweli wake.

Namba nazo zinasaidia. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku lenyewe, upande wa mbele karibu na manifoldi ya eksozi. Ilinganishe na kadi ya gari. Zikifanana na namba zilizoandikwa zamani, una injini ambayo huenda ilizaliwa na gari. Namba ya chesisi nayo iandike mahali salama. Jumba la makumbusho ya magari ya Uingereza lililoko Gaydon hutunza kumbukumbu za viwanda na kwa malipo hutoa hati inayoonyesha tarehe ya kutengenezwa, rangi ya mwanzo, na gari lilipelekwa wapi. Kama gari lako lilisafirishwa likiwa vipande na kuunganishwa nje ya Uingereza, rangi ya bodi huenda ilipigwa huko lilikounganishwa, na hiyo nayo ni rangi ya asili kwa gari hilo. Usilazimishe rangi ya kitabuni juu ya ushahidi wa bati lako.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hawataki kulisikia: palipo na rangi ya asili iliyo nzima, acha. Kama ukuta wa injini una rangi ya kwanza yenye mikwaruzo lakini imeshika, isafishe kwa sabuni laini, ipake nta, uiache ionekane kama ilivyo. Rangi mpya inaweza kupigwa wakati wowote. Ile ya 1966 ukiiondoa haitarudi. Kazi ya kurudisha ni kwa sehemu zilizokwisha kuharibika, na kwa gari la Tukuyu, ambako mvua ni nyingi kuliko karibu kwote nchini, najua hazitakuwa chache.

Tuje kwenye kufungua. Hapa Land Rover inakupendelea. Mabawa ya mbele yamefungwa kwa bolti, hayakuchomelewa, na paneli ya rejeta nayo hivyo hivyo. Watu wawili wenye spana nzuri wanayatoa yote katika asubuhi moja, na injini inabaki wazi pande zote. Usikubali mtu apige rangi huku ameziba vitu kwa magazeti. Vitu vitoke.

Tatizo ni spana zenyewe. Gari hili ni la vipimo vya inchi, na gereji zetu zimejaa spana za milimita kwa sababu ya magari ya Kijapani. Bolti nyingi za hapo mbele ni za 5/16 ya inchi. Hiyo ni milimita 7.94, na bolti ya milimita 8 inafanana nayo kabisa kwa macho. Lakini meno yake hayalingani: ya 5/16 yenye meno membamba ina meno 24 kwa inchi, wakati ya milimita 8 ya kawaida ina nafasi ya milimita 1.25 kati ya jino na jino. Fundi mwenye haraka huisukuma kwa nguvu, inaingia mizunguko miwili mitatu, kisha inasaga tundu lote. Ikiwa tundu ni la alumini, mwalimu, huo ndio mwisho wake mpaka lichongwe upya. Kichwa cha bolti hiyo ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Spana namba 13 itashika kwa kulegea na kuviringisha pembe. Nunua seti ndogo ya spana za inchi hata kama ni ya mtumba, na kila bolti inayotoka iweke kwenye kopo lenye jina la mahali ilipotoka. Zile za asili nyingi zina alama kichwani za kiwanda kilichozitengeneza, na ni bora kuliko mpya nyingi utakazouziwa sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Ziloweke kwenye mafuta ya taa, zisugue kwa brashi ya waya, zitumie tena. Zilizokufa kabisa, zibadilishe kwa za zinki nyeupe iliyofifia. Zile za njano zinazometa zitaonekana ngeni.

Kusafisha. Grisi ya miaka hamsini na ushee haitoki kwa sabuni peke yake. Kwangua iliyo nene kwa kipande cha mbao au plastiki, kisha paka mafuta ya taa au dizeli kwa brashi, acha yaingie, futa, rudia, na mwisho ndipo uoshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Petroli usitumie, hata kama umezoea kuona watu wakiitumia. Mvuke wake unatambaa chini hadi kwenye jiko la jirani. Ziba mdomo wa kabureta, tundu la kumimina oili, na distributa kabla maji hayajakaribia.

Kuna wanaotumia kostiki soda kwa sababu inakula grisi haraka. Inakula pia alumini. Ukichovya nyumba ya themostati humo itachemka, itatoa gesi inayoweza kushika moto, na itatoka nyeusi yenye vishimo. Na kupiga mchanga kwa kompresa usikubali karibu na injini wala kwenye mabati ya alumini: mchanga unaingia kwenye beringi, bati linajikunja, namba zilizogongwa zinafutika, na anayepiga bila kinga anaharibu mapafu yake kwa vumbi la mawe. Chesisi ikiwa imetolewa na kubaki peke yake, hapo sawa, mradi namba imefunikwa vizuri.

Sasa nikaze hapa, kwa sababu hapa ndipo rangi za Land Rover nyingi za huku kwetu hubanduka baada ya masika mawili. Mabati ya bodi ni ya aloi ya alumini yenye magnesiamu, iitwayo Birmabright. Ukuta wa injini na paneli ya rejeta ni vya chuma. Mkononi vinafanana vikishapakwa rangi, kwa hiyo pita na sumaku kila mahali na uandike kwa chaki: hapa chuma, hapa alumini. Chuma utakisugua hadi kutu iishe, utakipaka praima ya epoksi au ya redi oksaidi, na kazi inaendelea. Alumini haitaki redi oksaidi. Huota utando mwembamba wa oksaidi mara tu ukimaliza kuisugua, na praima ya kawaida inakaa juu ya utando huo bila kushika. Inataka praima yenye asidi, ile inayouma bati lenyewe, ipigwe nyembamba sana muda mfupi baada ya kusugua, siku ile ile. Mwambie muuza rangi wazi kwamba ni ya alumini, na soma kopo mwenyewe, maana baadhi ya praima hizo hazipatani na epoksi ikipigwa moja kwa moja juu yake.

Palipogusana chuma na alumini utaona unga mweupe. Maji yakiingia kati ya metali hizo mbili, alumini inaliwa. Safisha unga wote, piga rangi pande zote mbili kabla ya kufunga, na weka utepe mwembamba wa mpira au siilanti kati yake. Kwa hali ya hewa ya wilaya yenu ya Rungwe hili lina thamani kuliko tabaka la tatu la rangi.

Ukuta wenyewe ukague kwa bisibisi: sehemu ya chini ya miguu, na nguzo zinazoshika bawaba za milango. Bisibisi ikizama, hakuna habari ya rangi tena. Kata, chomelea bati jipya la unene ule ule, ndipo uendelee. Puti isitumike kujaza kutu. Fedha ikiwa kidogo, anza na ukuta huu, mengine yasubiri mwaka kesho.

Kuhusu kulinganisha rangi, usipeleke dukani kipande kilichokaa juani. Peleka kipande kidogo kilichokuwa kimefunikwa, kilichosuguliwa kwa kompaundi hadi rangi yake ya kweli itoke. Mwambie achanganye aina isiyo ya metali, yenye mng'ao wa wastani. Lita moja hadi moja na nusu inatosha ukuta, upande wa ndani wa mabawa, paneli ya rejeta na chini ya boneti.

Utaulizwa: rangi ya NC, ile ya nitroselulosi inayoyeyushwa kwa thina, au ya hadina, ile inayochanganywa na dawa ya kuikaza? NC inakauka haraka na mng'ao wake uko karibu zaidi na wa zamani, lakini petroli ikimwagika inaiyeyusha, na chini ya boneti petroli haikosi. Ya hadina, 2K, inavumilia. Mimi nashauri 2K kwa ukuta na mabawa, ikipunguzwa mng'ao. Ila hadina yake ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumfanya mtu apate pumu ya maisha. Kitambaa puani hakisaidii chochote. Mpelekee fundi mwenye barakoa ya kuletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Ukimkosa, tumia rangi ya enameli ya mafuta inayokauka polepole, ambayo kwa mwonekano inafaa kabisa gari la mwaka huo. Kusubiri siku chache ikauke si hasara ukilinganisha na mapafu ya kijana wa watu.

Majira nayo. Kwenu Tukuyu hewa ina maji mengi, na thina inapokauka hupoza bati. Unyevu unatua juu ya rangi mbichi na kuacha ukungu mweupe usiofutika. Juni na Julai mvua hupungua lakini baridi ya nyanda za juu ni kali, na huko Makete na Kitulo hata barafu huanguka asubuhi. Rangi nyingi hazitaki chini ya nyuzi 15. Kama unaweza, vipande vipigwe Septemba au Oktoba, Uyole au Makambako, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Huko adui ni upepo na vumbi, basi mwagieni maji sakafuni na mfunge upande unaovuma. Kwa kuwa vipande vyote vya Land Rover vinafunguka, unavipakia kwenye Fuso na kuvipeleka. Gari lenyewe linabaki nyumbani.

Injini sasa. Kabla ya rangi, kagua vizibo vya bati vilivyoko ubavuni mwa bloku, vinavyofunga njia za maji. Vikiwa na kutu vibadilishe sasa, kwa sababu vikivuja baadaye vitaharibu rangi yote. Bloku na silinda hedi ni chuma cha kusubu, na uso wake una chembechembe. Usijaze puti, usisugue hadi uwe laini. Chembechembe hizo ni za kiwandani. Futa kwa thina hadi tambara litoke jeupe, piga praima ya joto, kisha enameli ya injini kwa tabaka mbili nyembamba. Bloku likiwa kazini halipiti sana joto la maji yake, kwa hiyo enameli nzuri inatosha, huhitaji rangi ya jiko. Mng'ao uwe wa kati. Na uangalie kwenye ushahidi wako wa mwanzo: kama rangi ya zamani imepita juu ya kingo za gasketi, ujue injini ilipigwa ikiwa imeshafungwa. Fanya hivyo hivyo, usianze kupaka kipande kimoja kimoja kwa mistari iliyonyooka.

Manifoldi ya eksozi usiipake silva. Joto lake huikausha na kuibandua katika safari ya kwanza ya kupanda Igawilo. Isugue kwa brashi ya waya, paka grafaiti ya unga iliyochanganywa na mafuta kidogo, sugua kwa tambara. Itakuwa kijivu cheusi kama chuma kipya kilichotoka kwenye kalibu, na ukitaka kuirudia kila mwaka ni kazi ya nusu saa.

Kabureta ya mwaka wako ilikuwa Solex. Magari mengi yalishawekewa Zenith au Weber, na kama yako inatembea vizuri na Weber, sitakulaumu ukiiacha huku ukitafuta ile ya zamani taratibu. Lakini kisafisha hewa, kile chenye bakuli la oili chini, kirudishe kwa gharama yoyote. Watu walikitoa na kufunga vichujio vya karatasi vya magari mengine, na nafasi yake tupu ndiyo kitu cha kwanza jicho linachokiona. Zaidi ya hapo, kinafanya kazi. Vumbi la barabara za mashambani Mufindi linazama kwenye oili ile, nawe unamwaga, unaosha bakuli, unajaza upya bila kununua chochote.

Vipande vya alumini tupu visafishwe kwa mafuta ya taa na brashi laini ya waya za shaba, kisha viachwe. Wako watakaokushauri uvisugue hadi ujione uso. Kiwanda kiliviacha na uso wa kalibu, wenye rangi ya kijivu hafifu. Dainamo na stata vipige nyeusi ya mng'ao wa kati, ukifunika vibati vyenye maandishi ya Lucas. Koili ya plagi ni alumini tupu. Mipira ya maji iwe myeusi, na waya za plagi nyeusi. Ile mipira ya silikoni ya buluu ni ya magari ya mashindano.

Rejeta: fundi rejeta akishamaliza kuzibua na kuchomea, apige nyeusi nyembamba sana, ya kuona shaba ikijificha tu. Rangi nene kwenye mapezi inazuia joto kutoka. Na mfuniko uwe na presha iliyoandikwa kwa gari hilo, usiwe wowote unaoingia. Hapa Mbeya, kwenye mita kama 1,700 juu ya bahari, maji yasiyo na presha huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100. Mlima wa Kitonga unawajua wote waliodharau mfuniko.

Waya nitazungumza kwa kifupi kwa sababu kazi yake ni ya fundi umeme. Rangi za waya za Kiingereza zina utaratibu: kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, nyeupe ni ya swichi, kijani imepitia fyuzi baada ya swichi, nyeusi ni ethi, yaani inayofungwa kwenye bodi ya gari. Kama mfumo wako bado una rangi hizo, usikubali ung'olewe na kuwekwa waya nyekundu kila mahali. Jambo moja ulikague mwenyewe kabla betri haijafungwa: gari la 1966 lilitoka kiwandani likiwa na ethi ya chanya, yaani upande wa jumlisha wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi. Mengi yalishageuzwa. Tazama lako limefungwaje leo, piga picha, andika kwenye karatasi, bandika ukutani. Aliyezoea magari ya siku hizi atafunga kinyume bila kufikiri, na kama kuna redio au alternata iliyoongezwa, itaungua papo hapo.

Fundi wako wa Tukuyu usimwache. Mwonyeshe duara la tabaka ulilosugua, na mwambie apige kwanza kipande kimoja kidogo cha alumini na kimoja cha chuma, kisha mviache nje kwa mwezi mmoja wa mvua. Rangi ikishika, mikono yake inafaa kazi iliyobaki. Kwa bei, patana naye kwa hatua: kufungua na kusafisha, kisha ukuta, kisha rangi, kisha kufunga. Malipo ya jumla kwa kazi ya namna hii huleta haraka mwishoni.

Siku ya kuwasha, rangi mpya ya injini itatoa harufu na moshi mwepesi. Hilo ni la kawaida. Iache inguruke taratibu hadi ipate moto kamili, izime, ipoe kabisa hadi jioni, ndipo ukaze tena nati za manifoldi, kuanzia katikati kwenda pembeni. Lakini kabla ya hayo yote, nitumie picha ya ule ubavu wa bloku nyuma ya dainamo, kabla hujasafisha chochote. Hiyo buluu yako nataka kuiona.